Mkurugenzi Aliyeketi Kati Yetu

Mama mkwe wangu mpendwa,

Keti kwanza. Najua umeshtuka. Tangu nilipomwoa Mumbua wako hujawahi kupata neno langu ambalo halikupitia kwa mtu mwingine, na leo nakuandikia mwenyewe, tena barua ya wazi, wasome na majirani. Kwenu Ukambani mwanamume hasemi na mama mkwe wake uso kwa uso. Haketi karibu naye, hamshiki mkono, na akimwona njiani anahamia upande wa pili. Sisi Wakikuyu wa Uthiru heshima ya ukwe tunayo, lakini yetu imezeeka, inaamka siku za harusi tu kisha inarudi kulala. Yako ilikuwa macho mchana na usiku. Kabla ya kushika kalamu niliwauliza wazee wa kwenu kama kifo kinaiondoa. Wengine wakasema ndiyo, wengine wakasema hapana. Nimewasikiliza waliosema ndiyo.

Unanijua vizuri, ingawa ulinijulia mbali. Hakuna harusi ya maana kati ya Dagoretti Corner na Uthiru iliyofana bila mimi kushika maikrofoni. Shule niliiacha darasa la saba, au yenyewe ndiyo iliyoniacha, lakini dunia hii nimeitembea. Nimebeba masanduku Dubai, nimeuza viatu Kampala, na Parklands nimealikwa kula kwa watu wenye vyeo, nikaketi mezani kama wao wala sikwenda kuosha vyombo. Mbele yako tu ndipo mdomo huu ulipokosa pa kupita.

Ulipostaafu kazi ya utarishi wizarani, ukanunua kipande kile cha shamba bondeni, kando ya kijito, nyumba moja tu kutoka kwetu, niliona nimefungwa jela. Nitoke saa ngapi? Nipite wapi? Mumbua akasema tutazoea, na kweli tulizoea. Akiwa hayupo, tulisemeshana kupitia kwa kuku.

"Wewe kuku," ulisema siku moja ukiwa jikoni na mimi uani, "mwambie mwenye nyumba hii redio yake inasikika mpaka Kangemi."

"Kuku," nikajibu nikitazama mawingu, "mwambie bibi huyo hii ni redio ya Kijapani. Ilizaliwa na sauti."

"Basi mwambie airudishe Japani."

Kuku akatutazama, akaenda zake. Nilicheka mpaka nikaingia chooni kujificha, na nadhani wewe pia ulicheka, maana nilisikia kifuniko cha sufuria kikianguka.

Furaha yako ilikuwa nduma, yale ambayo wa pwani huyaita magimbi. Uthiru haikuwahi kuona nduma kama zile, Mama, majani mapana kama miavuli, na wewe katikati yake umevaa gambuti za mpira na sweta ya wizara. Ulikusanya akina mama wa bondeni, mkalima pamoja na kuuza pamoja sokoni Kangemi. Halafu, juu kule kijito kinakotokea, kikafunguliwa kile kiwanda cha kutia vitambaa rangi.

Mwanzoni tuliona ni mchezo. Kijito kilikuwa kinabadilika rangi kama kinyonga. Shule zikikaribia kufunguliwa kilikuwa kijani, kisha maruni, kisha buluu, ukajua ni sare za shule gani zinazotengenezwa. Mimi nilitunga vichekesho harusini kuhusu kijito chetu kinachojua mitindo. Kisha nduma zikaanza kuoza mizizini. Ukikata moja unakuta pete ya buluu katikati, na mteja anairudisha mezani kwa ncha za vidole. Akina mama wa kikundi chako wakaanza kurudi nyumbani na magunia yaliyojaa vilevile walivyotoka nayo. Sikutunga kichekesho kingine.

Hapo ndipo mimi na wewe tuliposhindana, na watu wa nyumba ile hawakupata amani.

Fikira yangu ilikuwa hii, na niliisema kwa sauti. Serikali ni bure. Serikali mpya imeingia, watu wamecheza barabarani, lakini ukienda ofisini unaambiwa rudi kesho. Kampuni nayo ina ofisi nzuri mjini, ina vijana waliofunga tai ambao kazi yao ni kuonyesha kwamba kampuni inawapenda majirani. Wanapaka shule rangi, wanapanda miti, wanapigwa picha. Twende kwao moja kwa moja, tuwasifu kidogo, watupe kitu. Mimi nimeona Dubai jinsi matajiri wanavyopenda kusifiwa. Na kweli nilikwenda, nikasifu, na kampuni ikaahidi kutujengea choo cha soko na kutupa miche ya miti.

Nilirudi nyumbani kama mbunge. Ulikuwa umeketi ndani, mimi nikasimama nje ya mlango, Mumbua akiwa katikati yetu anasonga ugali.

"Mumbua, mwambie mama tumepata choo na miche!"

"Mumbua, muulize mume wako miche hiyo itanyweshwa maji gani."

"Mwambie mama tuanze na kidogo. Serikali haina meno."

"Mwambie mume wako mimi nimebeba faili za serikali mpaka nikapata mvi. Serikali si jengo. Ni mtu fulani, ameketi kwenye chumba fulani, na ana kazi aliyopewa. Kama amelala, aamshwe. Kuamsha ndiyo kazi yetu. Sasa mume wako anataka tumwache alale, tukaombe kwa jirani."

"Mwambie jirani anatoa!"

"Anatoa kwa kupenda. Kesho asipopenda je?"

"Nyinyi wawili," Mumbua akasema, akichomoa mwiko, "ugali wangu unaungua. Mtafute kuku."

Neno lile la kupenda liliniingia, lakini sikukubali. Mimi na kukubali tulikuwa hatujajuana.

Kisha ikaja ile semina. Miaka ile semina zilikuwa zimejaa mjini, kila hoteli ina ukumbi na kila ukumbi una bango. Wakili mmoja kijana anaitwa Achieng', wa shirika la kutetea haki, alikuwa amezunguka bondeni kwetu na viatu vyake vizuri vikaharibika, akaita pande zote: wananchi, kampuni na serikali. Bango liliuliza kampuni inadaiwa nini na jamii, na serikali kazi yake ni ipi. Tulichaguliwa wewe na mimi. Wewe kwa sababu ya nduma, mimi kwa sababu ya mdomo. Nilivaa suti ile ya kijivu ya harusi, nikapaka viatu rangi mpaka vikaona haya.

Achieng' alikuwa mwerevu lakini alikulia upande wa ziwa, Ukambani haujui. Alipanga viti kuzunguka meza ndefu, na mbele ya kila kiti kadi yenye jina. Akaona sisi ni wa kijiji kimoja na familia moja, akatuweka pamoja, bega kwa bega. Mimi nilikuwa nimeshaketi nilipoliona jina lako pembeni yangu. Nikajikunyata kitini. Wewe ulikuwa umefika mlangoni, umesimama na mkoba wako, hutaki kuingia.

"Mama, karibu, kiti chako ndicho hiki," Achieng' akasema.

"Sikioni."

"Hiki hapa, karibu na mwanao."

"Sikioni, mwanangu. Macho yangu ni mabaya."

Macho yako yalikuwa yakimwona mwewe kabla mwewe hajakuona. Ukumbi ukaanza kunong'ona. Wakadhani umesusia mkutano. Sasa mkurugenzi wa kampuni, yule mtu mrefu mwenye miwani, alikuwa ng'ambo ya meza. Sikujua kwamba ni mtu wa Makueni, Mkamba kama wewe. Alikutazama wewe, akanitazama mimi nilivyojikunyata, akaelewa mara moja. Akainuka, akachukua kadi yake, akaja akaketi katikati.

"Samahani," akawaambia watu. "Huyu ni mkwe wake. Hawezi kuketi hapo. Mimi nitakaa kati yao."

Ukamsalimia kwa Kikamba, akakujibu akiwa ameinama kama mtoto wa nyumbani. Ukaketi. Ile ilikuwa mara ya kwanza kukuona ukimtabasamia mtu wa kampuni, nami nikajisemea, mama amelainika, choo kitakuwa na vigae.

Watu wakazungumza. Achieng' alisema kampuni inayopata faida mahali ina deni la kiutu kwa watu wa mahali hapo, hata sheria isiposema. Mzee mmoja wa shirika jingine akampinga: usiombe kampuni iwe na moyo, iombe itii sheria tu, mengine ni manukato. Walibishana kwa heshima, mimi nikiitikia kwa kichwa pande zote mbili. Mkurugenzi akaonyesha ukutani picha za madarasa yaliyopakwa rangi na watoto wakicheka. Watu wakapiga makofi. Afisa wa serikali, Bi Naliaka, mama mfupi mwenye sauti ya upole, akasema sheria zipo, ila ofisi yake haina gari la kuwafikisha wakaguzi viwandani.

Ndipo nikasimama. Mama, nilisema vizuri, hata wewe hukuweza kukataa. Nilisema sisi wananchi na kampuni ni majirani, tuunde kamati yetu, tupeane mikono, serikali tuiache ipumzike maana imechoka. Ukumbi ukacheka, ukapiga makofi. Nikaketi, nikarekebisha tai.

Zamu yako ikafika. Na wewe hukutaka kujibu ukumbi. Ulitaka kunijibu mimi. Ukamgeukia mtu aliye kati yetu, kama ulivyokuwa ukimgeukia Mumbua.

"Mwanangu," ulimwambia mkurugenzi, "mwambie huyo bwana hapo kulia kwako kwamba maji yanayotoka kiwandani yanaozesha nduma zetu."

Mkurugenzi akakohoa. Angefanya nini? Kiti kile alikichukua mwenyewe. Na mtu wa kwenu akishaketi kati ya mama na mkwe, neno akipewa analifikisha. Halimezi, halipunguzi. Alinigeukia polepole, shingo imekaza.

"Mama anasema," akaanza, "maji yanayotoka kiwandani yanaozesha nduma zao."

"Zetu," ulisema.

"Zetu," akasema mkurugenzi.

Nilimwona Achieng' akiacha kuandika.

"Muulize tena huyo bwana," ukaendelea, sauti yako ya chini kabisa, "hiyo kampuni anayotaka tuunde nayo kamati, je, inajua?"

"Anauliza," mkurugenzi akaniambia, "je, kampuni inajua?"

Mimi, mshika maikrofoni wa Uthiru nzima, nikajikuta nashika tai yangu. Nilimtazama yule mtu machoni, karibu kabisa, na miwani yake ilikuwa imepata ukungu. Hakuwa mtu mbaya, Mama. Nilimwonea huruma.

"Mkurugenzi," nikasema, "mwambie mama mimi si kampuni. Hilo swali siwezi kulijibu. Lipeleke kwa mwenyewe."

Akakugeukia ili akufikishie jibu langu. Akatoa leso, akafuta miwani. Watu wa hoteli waliokuwa wakipanga vikombe wakasimama.

"Mama," akasema, "kampuni inajua."

Hakuna aliyepiga makofi. Bi Naliaka ndiye aliyeinua mkono. Akasema basi, kama ni hivyo, wakaguzi watakuja haraka, tatizo ni lile lile, gari. Mkurugenzi, labda kwa kutaka kutengeneza mambo, akasema kampuni itatoa gari na dereva. Mimi nikapiga makofi kwa nguvu zangu zote.

"Mwambie huyo bwana aache kupiga makofi," ulisema.

"Mama anasema uache kupiga makofi."

"Nimesikia."

"Mkaguzi hapandi gari la anayekaguliwa," ukasema, na sasa ulikuwa ukimtazama Bi Naliaka. "Nimefanya kazi wizarani. Tarishi alitembea, na barua zilifika. Waiyaki Way ina magari mchana kutwa. Shuka stejini Uthiru, nitakupokea mwenyewe." Kisha ukaongeza, "Na hakutakuwa na chai." Hapo ukumbi wote ukaangua kicheko, na Bi Naliaka mwenyewe akacheka mpaka akashika mbavu.

Jioni ile nyumbani nilimtuma Mumbua akuulize kama ulipanga yale yote. Ulijua yule ni mtu wa Makueni? Ulisimama mlangoni ukijua atainuka? Mumbua akaenda, akakaa, akarudi.

"Anasemaje?"

"Anasema ufunge lango, kuku wanatoka."

Mpaka leo sijui.

Bi Naliaka alikuja. Ulimpokea stejini kama ulivyoahidi, mkateremka bondeni wawili, wewe mbele na gambuti zako. Alirudi tena na tena, na kila aliporudi kiwanda kiliandikiwa barua kali zaidi, mpaka kikachimba mabwawa ya kusafishia maji yake. Haikuwa haraka, na si kila siku ilikuwa nzuri. Mara moja kijito kilitoka chekundu tena, nawe ukaenda kuketi mlangoni mwa ofisi ya Bi Naliaka, ukifuma kitambaa, mpaka akatoka. Lakini maji yalirudi kuwa rangi ya maji. Nduma zikarudi nyeupe. Ya kwanza kuvunwa ulimpa Mumbua aniletee ikiwa bado inatoa mvuke, nikaila nyuma ya nyumba nimeipa nyumba yako mgongo, maana mkwe hali chakula mbele yako, na sikutaka uone jinsi nilivyokula.

Na choo cha soko kilijengwa pia. Hukukikataa! Siku ya kukifungua mimi ndiye niliyeshika maikrofoni, nawe ulipiga makofi mbele kabisa. Ulimwambia mkurugenzi, nami nikiwa nasikia, kwamba sasa zawadi yake ina ladha, kwa kuwa haifuniki kitu.

Tangu ulipotuacha, Mama, nimeendelea kukua, kama unavyoweza kutazamia kwa mtu wa kipaji changu. Mimi ndiye mwenyekiti wa wakazi wa bondeni. Naalikwa kwenye semina, na Parklands walinipa kadi ya kuvaa shingoni ambayo bado naivaa nikienda dukani. Wale wanaosema kampuni iachiwe moyo wake nawasikiliza. Wale wanaosema sheria peke yake inatosha nawasikiliza. Kisha nasimama na kuwaambia: moyo wa kampuni mimi naupenda, nimeula, ni mtamu, lakini kwanza aje mtu wa serikali kwa miguu yake. Watu wanaandika. Sisemi nimeyatoa wapi. Nadhani yananifaa zaidi mimi, wewe hukupenda sifa.

Lakini kuna jambo la mwezi uliopita, na ndilo hasa lililonifanya nikuandikie.

Bi Naliaka alikuja kwenye ukaguzi wake wa kawaida. Sasa ana cheo kikubwa lakini bado anashuka stejini. Tukapanda mpaka kwenye bomba la kiwanda, akachota maji kwenye chupa, akatazama juani, akasema ni safi. Nilifura kama andazi. Nikawa namteremsha kwa kufuata kijito, namwonyesha nduma za Mumbua, namwonyesha na umbo langu. Ghafla akasimama. Akanusa.

"Mwenyekiti, mfereji huu unatoka wapi?"

Hujui, Mama, kwamba nimeanza kufuga nguruwe. Ni nguruwe wazuri, wana adabu, wamejengewa nyumba ya mawe. Mfereji wao unashuka mpaka kijitoni.

"Huo?" nikasema. "Huo ni wa familia."

"Familia gani?"

Nguruwe mmoja akamjibu kwa sauti.

Alichota chupa nyingine pale pale, akaandika. Akasema nichimbe shimo la kuzuia uchafu ule, na asipolikuta akirudi nitaandikiwa barua kama mtu mwingine yeyote. Majirani walikuwa wamejaa uzioni.

"Bi Naliaka!" nikasema. "Hata mimi? Mimi mwenyekiti? Si sisi watu wa nyumba hii tuliokuleta bonde hili?"

"Ndiyo maana naijua njia, mzee," akasema, akafunga chupa yake.

Watu walicheka mpaka Mumbua akaketi chini. Habari zilifika kiwandani kabla yangu, na jioni yule mkurugenzi, ambaye sasa ana mvi na tumekuwa marafiki, akanipigia simu. Nilimsikia akijizuia kucheka.

"Mwenyekiti, nasikia una mradi. Kampuni ingependa kuchangia jamii saruji kidogo na mafundi."

Ulimi wangu ulikuwa tayari kusema leta. Unanijua. Saruji ya bure, mafundi wa bure, na mimi nikiwa nimeketi kivulini. Kisha nikaitazama nyumba yako.

"Ndugu yangu," nikamwambia, "hili ni la sheria. Nitalichimba mwenyewe. Bi Naliaka akishaliona na kulikubali, hapo uje na zawadi yoyote. Mimi napenda zawadi. Uje na mbuzi."

Akacheka, akasema Mama yule alitushinda wote wawili. Nikamwambia asinisemee mimi.

Basi nimekuwa nikichimba. Udongo wa bondeni unaujua, unashika jembe kama umelikosa siku nyingi. Mikono yangu laini ya maikrofoni imetoka malengelenge. Nimelalamika kwa kila anayepita, na hakuna aliyenionea huruma, hata nguruwe. Lakini asubuhi ya leo nimesimama ndani ya shimo, limenifika kifuani, nikasikia maji ya kijito yakipita chini kule yakiwa hayana rangi ya mtu yeyote, si ya kampuni wala yangu, na nimejiona mtu mwenye raha kabisa katika Uthiru yote.

Pumzika, Mama. Nimekusemesha vya kutosha kwa siku ya kwanza. Bi Naliaka anarudi Alhamisi, na shimo bado halijapigwa lipu.

Mkwe wako anayekuheshimu,
Mume wa Mumbua